Katuni za zamani zirudi gazetini, na jina la mchoraji msilikate

Mhariri, salaam.

Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni na gazeti lenu nalisoma siku zote, ila sitaki kukudanganya, nakala yenyewe huwa sio yangu. Wananunua vijana wa bodaboda pale kona, wakimaliza kurasa za michezo linaenda kwa wazee wa drafti, mimi linanifikia saa tisa mchana limekunjwakunjwa kama chapati ya jana, na nikishasoma nalikatia mfano wa kola. Kwa hiyo kurasa zenu nazijua moja moja, ndo mana nimeona niandike.

Pale kwenye burudani, chini ya fumbo la maneno, pana kipande ambacho zamani mlikuwa mnaweka kibonzo na siku hizi pana tangazo la kubeti. Sina ugomvi na tangazo, najua ndo linalolipa mishahara. Ninachoomba ni siku moja tu kwa wiki, tuseme Jumamosi, kile kipande kirudi kwa katuni, na simaanishi katuni mpya maana mpya zipo na wenyewe wanaziweza, namaanisha zile za zamani zilizowachekesha baba zetu na mama zetu, mzichapishe tena vilevile zilivyotoka, na watoto wetu nao wazione.

Ngoja niseme nimetokea wapi, msije mkasema mama mtu mzima huyu amekosa kazi.

Babu mzaa mama alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Mbagala, enzi hizo Mbagala ni mikorosho, sio hii ya leo ya Rangi Tatu unakaa kwenye foleni mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, na ukuta wa udongo bwana usiku unadondosha vumbi na vijiwe kitandani, sasa dawa ya bibi ilikuwa magazeti. Anapika uji mzito wa unga wa muhogo, anapaka ukutani, anabandika. Na kwa vile babu ni balozi na mtu wa chama basi Uhuru lilikuwa halikosekani mle ndani, chini ya Uhuru kuna Ngurumo za kabla sijazaliwa, juu yake Mzalendo za Jumapili, yani ukibandua kidogo na kucha unakuta gazeti lingine, ukibandua tena lingine, na bibi akikukuta unabandua fimbo yako.

Mi nimejifunza kusoma kwenye ukuta ule kabla hata sijaanza shule. Na sikujifunzia habari za halmashauri kuu, nilijifunzia Chakubanga. Vijana wasiomjua, Chakubanga ni jamaa wa kwenye katuni za Uhuru, alichorwa na Christian Gregory kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na pale kwetu alikuwa kama ndugu, babu akiona kituko chochote njiani anarudi nyumbani anasema leo nimemuona Chakubanga.

Bibi alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo alibandika kwa jicho lake, nusu ya ukuta herufi ziko kichwa chini. Mpaka leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa ananitazama kwenye daladala, ananishangaa nacheka kabla yake. Baadae bibi akaingia kisomo cha watu wazima, basi siku alipoanza kuunganisha herufi ndo akagundua amembandika waziri kichwa chini miguu juu miaka yote ile, tena juu ya kitanda cha balozi! Alikesha na kisu na sufuria ya uji. Babu alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa kwenye ukuta huohuo, upande wa kabati la nguo, kulikuwa na katuni moja ya boksi nne. Boksi la kwanza mzee yuko kituoni na mbuzi wake, kondakta wa basi la UDA anamkatalia. La pili mzee amemvalisha mbuzi koti na kofia. La tatu wako ndani ya basi, wamebanana, kondakta kamsogelea mbuzi anamwambia, mzee nauli. Boksi la nne limezibwa na kabati. Kabati la mninga, halisogei hata wakija wanaume wanne, na sisi wajukuu tulikaa miaka yote ile na katuni isiyo na mwisho, kila mtu na mwisho wake, binamu yangu alikuwa anaapa kabisa kwamba mbuzi alitoa noti akadai chenji. Mimi nilikuwa nasema kondakta aliomba radhi akampisha kiti. Babu alipofariki 1991 vyombo vikatolewa nje, kabati likasogezwa, na mimi na utu uzima wangu, mtoto mgongoni, nikawaacha watu wanalia nikaenda kuchungulia ukuta. Mchwa walikuwa wamekula boksi la nne lote. Wamebakiza kona ya chini tu, yenye saini ya mchoraji, nayo mkorogo huwezi kuisoma.

Nilipokuja Magomeni kwa mjomba kusoma, miaka ya 1980, huko ndo nikakutana na Sani. Jarida lile lilikuwa la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, SA ya Saidi na NI ya Nico, watu wengi wanalitaja mpaka leo hawajui jina limetoka wapi. Mle ndani kulikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Dokta Love Pimbi, na Madenge yule mtoto mtukutu, na mkono mkubwa kwenye hao ulikuwa wa Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 bado kijana kabisa, wenzake wakaendeleza. Mhariri huwezi kuelewa kama hukuwepo. Nakala moja inazunguka mtaa mzima, ikirudi haina jalada, na kila mtaa ulikuwa na Lodi Lofa wake, yule mtanashati asiye na senti tano, na kila mfupi mwenye maneno mengi kwa wasichana alikuwa Pimbi. Mjomba wangu mwenyewe aliitwa Ndumilakuwili na mke wake wakati wa ugomvi, naye ndo alikuwa ananunua hilo jarida, kwa hiyo silaha alimpa mwenyewe.

Mjomba aliyatunza kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda. Akanirithisha. Halafu ikaja Desemba 2011, nilikuwa nimepanga chumba huku bondeni Suna, na mliokuwepo Dar mnajua Msimbazi ulifanya nini mwaka ule. Maji yaliingia usiku, nilitoka na watoto, cherehani ikabebwa na jirani Mungu ambariki, sanduku likabaki. Siku ya tatu nikarudi nikalifungua likiwa limejaa tope, majarida yameshikana kama tofali. Nikayaanika juani, kosa la kwanza. Nikachukua mengine nikayapiga pasi, kosa la pili, mana wino ulihamia kwenye pasi na wiki iliyofuata shati jeupe la mteja likatoka na pua ya mtu mgongoni. Nililipa lile shati. Katika sanduku zima nimebakiwa na vipande kumi na moja, vya Sani na vya magazeti mchanganyiko, na ndivyo vilivyonifanya niandike barua hii.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho, yuko fomu foo, alikaa karibu yangu ananisubiri nimpe hela, nikamuonyesha kimoja. Ni foleni ndefu ya watu, nyuma kabisa yuko bwana mmoja amevaa suti, anamuuliza wa mbele yake hii foleni ya nini, yule anasema sijui, niliwakuta, nikaunga. Boksi la mwisho mlango unafunguliwa na ni mlango wa msiba, watu walikuwa wanatoa pole. Mimi nacheka mpaka leo. Mtoto ananitazama tu. Akaniuliza, sasa mama watu wanaungaje foleni wasiyoijua? Alidhani labda ni uzinduzi wa simu mpya.

Ikabidi nizime cherehani nimweleze. Kwamba baada ya vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni, dukani hamna sukari, hamna sabuni, hamna mafuta ya kula, kuna duka la kaya na kadi na mgao, tulifulia majani ya mpapai, na kwa hiyo ukiona watu wamejipanga popote huulizi, unaunga kwanza, utajua ukifika mbele. Na kwamba 1983 lilipokuja lile zoezi la wahujumu uchumi wapo waliokuwa na bidhaa ndani wakazitupa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo, sisi huku hatujaona sabuni miezi, yani sabuni inatupwa! Dogo alinyamaza. Akachukua hela yake akaondoka. Sasa usiku nimelala nasikia mtu anacheka peke yake sebuleni, nikatoka, kumbe ni yeye, anasema mama, yule wa suti si alikuwa amejiandaa kabisa na kikapu!

Kikapu chenyewe, Mhariri, mimi nilikuwa sijawahi kukiona. Miaka yote nimeangalia suti. Nikawasha taa nikatafuta kipande, kweli, kipo, kimefichwa nyuma ya mguu.

Ndo hapo nikajua kwamba wanaosema vijana wa leo hawawezi kucheka vitu vya zamani wanawasingizia. Mchoro wenyewe haujafa, kilichokufa ni yale mambo ambayo mchoraji hakuhitaji kuyaeleza kwa sababu kila msomaji wa asubuhi ile alikuwa ametoka kwenye foleni. Mistari miwili ya maelezo chini yake inatosha. Iwe miwili tu, msije mkaweka insha ya ukurasa mzima ya mtaalamu, kichekesho kikielezwa sana kinakuwa uji uliopoa.

Mtaniambia mbona hivi vitu viko kwenye simu tele. Viko, na ndo kinachoniuma. Kile kipande cha foleni nilikipiga picha nikakiweka kwenye grupu la WhatsApp la familia, wakacheka, wakasambaza. Haikupita wiki tatu kikanirudia kutoka kwa mteja wangu wa Tandika, hana hili wala lile, ananiambia fundi cheki hii. Kwanza mwaka umebadilishwa, wameandika 1965, wakati 1965 hakukuwa na foleni za namna ile. Pili maneno yamefutwa, yule bwana wa suti sasa ni shabiki wa timu moja ya Kariakoo anasubiri kombe. Hiyo nayo nilicheka kidogo, sisemi uongo, wajuzi wanajua natokea upande gani. Lakini cha tatu, kona ya chini imekatwa. Saini haipo. Mchwa wa Mbagala, mdudu asiye na shule, alikula katuni nzima akamwachia mchoraji jina lake, na binadamu mwenye simu ya laki nane anabakiza katuni anakata jina.

Na hawa watu walikuwa wanaishi kwa mkono wao. Sina uhakika wangapi walilipwa vizuri, ila najua mchoraji wa gazeti akishakufa ndo basi, mwandishi wa vitabu angalau jina liko kwenye jalada maktaba, mchora katuni jina lake liko kwenye kona ya karatasi iliyofungia maandazi. Kwa hiyo mkichapisha jina liandikwe kubwa, pembeni, herufi zinazosomeka, na tarehe ya gazeti lililotoa. Na muombe ruhusa na mlipe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi uhai wote wa aliyeibuni na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake mtu aliyefariki 1986 kazi yake ina mwenyewe mpaka 2036, na COSOTA, wale wa ofisi ya hakimiliki, wapo, mambo ya kwamba mwenyewe ni familia au ni gazeti lililochapa mwanasheria wenu atawaambia, mimi najua kola na zipu. Hata kama ni elfu hamsini kwa katuni, ifike kwa mjane au kwa mjukuu. Tangazo la kubeti si linalipiwa?

Sasa kuna jambo zito kidogo na sitaki tulifunike. Katika vile kumi na moja kimoja ni cha zile siku za Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU walipopiga vita sketi fupi na mawigi na suruali za kubana, ilianza kazi Januari 1969. Mchoro unamuonyesha dada wa mini anakimbizwa na vijana, kiatu kimoja kimetoka, wigi limebaki kwenye tawi la mti, na jibwa linalibwekea lile wigi. Umechorwa kwa ufundi, lile jibwa tu ni kichekesho. Nilimpelekea shangazi yangu Ilala, ana miaka sabini na kitu, nikidhani atafurahi kukumbuka ujana.

Hakucheka. Aliushika mbali na macho kama wazee wanavyoshika karatasi, akautazama, akaniambia mimi niliachia kiatu pale Kariakoo, na kilikuwa cha kuazima. Basi akanirudishia. Sijawahi kusikia hiyo habari maisha yangu yote, na huyu shangazi ndo alikuwa ananipiga fimbo nikivaa gauni lisilofika magotini, nikamuona siku ile kwa mara ya kwanza.

Kuna watu watasema katuni kama hiyo isichapishwe, inadhalilisha. Wengine watasema ichapishwe ni historia. Mimi nasema ichapishwe na pembeni yake pawe na maneno ya mtu kama shangazi, mistari yake miwili hiyohiyo, kiatu kilikuwa cha kuazima. Ndo maelezo ninayoyataka. Msimtafute mtaalamu wa kuandika yale maelezo ya chini, tafuteni msomaji aliyekuwepo, kila wiki mnatoa katuni na wiki inayofuata mnatoa jibu la mtu mmoja aliyepanga foleni ile, aliyepanda magari ya abiria ya chai maharage kabla daladala hazijaruhusiwa mwaka 1983, aliyekuwa kondakta, aliyekuwa mgambo, hata aliyekuwa anakimbiza wenye mini, naye aseme, yuko mahali fulani mzee wa watu anacheza bao. Na hao wanapungua kila mwezi, mimi mwenyewe mwaka huu nimeshona kanzu za mazishi kuliko magauni ya harusi.

Ila simaanishi kila kilichozeeka ni kizuri. Katika sanduku la mjomba kulikuwa na vya kumpiga mke mpaka meno yanaruka kama punje za mahindi, na vya kucheka kabila fulani tangu boksi la kwanza mpaka la mwisho hakuna kingine. Vile vilikuwa vibovu tangu siku vilipotoka, hata mjomba alikuwa anavirusha kurasa. Mkichagua wekeni mtu mwenye jicho.

Dogo wangu huyohuyo alinisomea kwenye simu habari ya mzee mmoja wa Marekani, Bill Blackbeard. Kule kwao katuni za magazetini ni za zamani sana na zilikuwa na rangi, ukurasa mzima Jumapili. Sasa maktaba zao zikawa zinapiga magazeti picha kwenye mikrofilamu ili kuokoa nafasi, halafu karatasi zenyewe zinatupwa, na ile filamu ni nyeusi na nyeupe, rangi yote imekwenda. Huyu mzee akaona haiwezekani, akaanzisha kitu kama chuo nyumbani kwake San Francisco mwaka 1968, akawa anazifuata maktaba anachukua magazeti yanayotaka kutupwa, nyumba ikajaa mpaka gereji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mzigo ukachukuliwa na chuo kikuu cha Ohio State, tani 75, malori sita. Na kwa sababu ya mizigo kama ile leo mtu anaweza kusoma Krazy Kat ya George Herriman, paka aliyeanza kivyake gazetini mwaka 1913 mpaka mwenyewe Herriman alipofariki 1944, akaiona kama ilivyokuwa. Nilimuuliza dogo huyo mzee mke wake alisema nini na gereji iliyojaa magazeti. Hakujibiwa na simu.

Sisi hatuhitaji tani 75. Sisi hata gereji hatuna. Lakini nina hakika kwenye mji huu kuna masanduku ya bati mengi tu, Ilala, Temeke, Keko, Kinondoni, na mengine yameliwa au yamelowa, na mengine wiki hii yatauzwa kwa kilo kwa mama muuza samaki. Najua mtu anaweza kwenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi au Mlimani akaomba magazeti ya zamani, na mungu awabariki wanaoyatunza, lakini nani atapanda daladala mbili kwenda kucheka mahali ambapo ukicheka unaambiwa shhh? Katuni ilitengenezwa ikutane na mtu amesimama, ana haraka, chai inapoa. Irudi hapohapo. Majirani zetu Kenya Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi kwenye Taifa Leo miaka na miaka, babu na mjukuu wanamjua wote, na sisi wa kwetu Kipanya na Kijasti na Kingo watoto wanawajua kwa sababu wamewaona, ila ukiwauliza kabla ya Kipanya alikuwepo nani wanakutazama kama umeuliza kabla ya Adamu.

Kwa wenye masanduku ambao watataka kuwaletea, naomba mniruhusu niwaambie nilichojifunza kwa hasara. Msipige pasi. Msianike juani, jua na hewa ndo vinaifanya karatasi ya gazeti iwe ya njano na kuvunjika, ikausheni kivulini na ikae gizani, imelala, isikunjwe. Msibandike selotepu, baada ya miaka inageuka kahawia na inakula wino pamoja nayo. Ukitaka kupiga picha na simu weka kitambaa au karatasi nyeusi nyuma yake, mimi natumia bitana nyeusi, ukiweka nyeupe maandishi ya upande wa pili yanapenya na mtu wa kwenye katuni anatoka na bei za korosho usoni. Simama mlangoni kwenye mwanga wa nje bila flashi. Na piga yote, mpaka kona, MPAKA KONA, hata kama ina doa la mchuzi.

Na mkichapisha msinyooshe sana. Nimeona mahali wamezichukua za zamani wakazisafisha kwa kompyuta zikawa zinang'aa kama bati jipya, mistari mizito imekuwa miembamba. Yule mtu alichora kwa mkono, kuna mahali mkono umeteleza, acheni.

Vipande vyangu kumi na moja nipo tayari kuvileta. Siwezi kutuma kwa baruapepe, nitakuja mwenyewe mapokezi, Jumatatu ni siku ambayo sina wateja wengi, mkivipokea mniandikie karatasi na mnirudishie mkimaliza, na simtuhumu mtu lakini niliwahi kumuazima mtu mmoja gazeti la babu akaniambia limepotea, baadae nikaliona limewekwa fremu kwenye baa.

Cha mwisho. Ile ya mbuzi ndani ya UDA. Nahisi ni ya katikati ya miaka ya 1970, na kwa kuwa ilikuwa kwa babu huenda ni Uhuru au Mzalendo ila siwezi kuapa, ukuta ule ulikuwa mchanganyiko. Boksi tatu nimezieleza hapo juu kama nilivyoziona. Kama kuna msomaji wenu ana ukurasa ule, au aliisoma siku hiyo ikiwa mpya na anakumbuka, naomba kupitia gazeti lenu aniambie yule mbuzi alijibu nini. Binamu yangu yuko Kigoma, bado anasema chenji.

Ni mimi mjukuu wa balozi,
Fundi cherehani, Magomeni, Dar es Salaam